Shirika la ndege lilinikalisha bega kwa bega na baba mkwe

Habari zenu wakuu, poleni na kazi. Mimi humu huwa nasoma na kupita, lakini leo acha niandike. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka mila za watu, tafadhali apitie uzi mwingine.

Kwetu ni Nyamira, nimeolewa Nyacheki. Mume wangu alikuwa fundi wa ujenzi Nairobi. Mwaka jana alianguka kutoka juu ya jengo, akalazwa ICU.

Daktari akamwambia shemeji yangu anayeishi huko: kama kuna mzazi na mke, waje leo leo. Mama mkwe alishafariki zamani, so ilikuwa mimi na mzee. Shemeji akatukatia tiketi za ndege kutoka Kisumu.

Hatukuwa tumepanda ndege maisha yetu yote, si yeye si mimi.

Sasa niwaeleze wasio Wakisii. Kwetu kuna kitu tunaita ensoni. Ni heshima na aibu pamoja, kati ya mke na baba wa mume wake. Sikai naye kiti kimoja. Simgusi. Nikimpelekea chai naiweka mezani, simpi mkononi. Si kwamba tunachukiana jamani, huyo mzee ananipenda kama binti yake. Kukaa mbali ndiyo heshima yenyewe.

Kwa counter dada akatupa boarding pass, viti vimeshikana. Nikamwomba atutenganishe. Akatabasamu, "Flight imejaa mama, lakini usijali, kwa vile mko booking moja system imekuweka na mzee wako."

Alidhani ananifanyia hisani! Na mzee amesimama nyuma yangu tu. Ningeeleza nini akisikia? Nikachukua zile boarding pass.

Ndani ya ndege, wakuu, viti ni viwili viwili, tena vyembamba. Mtu mzima akikaa, bega lake liko kwako, paja pia. Mzee akaangalia viti, akaniangalia, akarudi nyuma. Tukabaki tumesimama pale katikati, foleni inatusukuma.

Mhudumu akaja kuuliza shida ni nini. Nikasema nataka kiti kingine. Kwa nini? Kuitaja ensoni kwa sauti mbele ya baba mkwe, kwangu ilikuwa aibu juu ya aibu.

Akajaribu kuwauliza abiria wa karibu. Huyu yuko na mtoto, yule alichagua dirisha lake na hatoki. Mwingine akaguna, "Wasichana wa siku hizi! Eti hataki kukaa na mzee wake." Woi, nilitamani kufa.

Mhudumu akasema kwa upole lakini amekaza, "Madam, hatuwezi kuondoka mkiwa mmesimama. Mkae, ama mshuke."

Nikachukua mkoba wangu nishuke. Niliwaza heri mzee amwone mwanawe, mimi nitafuata kwa basi, na Mungu akipenda nitamkuta.

Mzee akaniita. "Ikaransa, mama," yaani kaa. "Huyu tunayemwendea ni wangu na ni wako."

Akaingia upande wa dirisha, akavua koti, akalikunja akaliweka katikati yetu. Nikakaa. Ndege ilipopaa nilisikia bega lake linatetemeka, nikajua analia. Na mimi nikalia.

Tulimkuta mume wangu bado anapumua. Mzee alimshika mkono akamwita kwa jina lake la utotoni. Mimi nilishika mkono wa pili. Jioni hiyo mume wangu akatuacha.

Kumbe kwenye ile ndege kulikuwa na mama wa Nyamarambe, karibu na kwetu, aliyesikia yote. Habari zikafika nyumbani kabla ya maiti. Shangazi zake mume wangu wakaanza: kijana hangekufa, ni ensoni imevunjwa. Wakasema mbuzi wa kutakasa achinjwe kwanza, la sivyo nisikaribie kaburi.

Hiyo iliniuma, siwafichi. Nilijifungia ndani nikajiuliza kama kweli mimi ndiye nimemuua mume wangu kwa kukaa.

Siku ya mazishi wakanisimamisha nyuma kabisa, kwa migomba, na watoto wangu wako mbele. Mzee akaona. Akasimama kando ya jeneza.

"Mbuzi huchinjiwa kosa," akasema. "Mimi ndiye nilimwambia akae. Angeshuka mngemsifu kwa heshima, na mume wake angekufa bila yeye. Sasa kosa liko wapi?"

Akawaambia watu wapishe njia. "Mama, njoo umzike mume wako."

Nikapita mbele ya wote nikatupa udongo.

Nilichojifunza ni hiki. Ukisafiri na mkwe, usingoje mpaka muwe mlangoni mwa ndege. Mtafute mtu wa counter pembeni, mzee akiwa mbali, umweleze wazi. Watu wa ndege si wabaya, hawajui tu. Na nyinyi wa mashirika mlio humu, mtuulize kabla ya kutupanga. Booking moja si kila mara watu wa kukaa pamoja.

Wenye mila kama hizi, nyinyi mngefanyaje pale? Na wewe unayeona tulikosa, andika pia, nitasoma. Lakini huyo mbuzi hajachinjwa mpaka leo, na mzee bado naweka chai yake mezani.