Tabaga ya Zeinabu Katika Kituo cha Anga

Zeinabu alikufa masika yalipoanza. Kituo cha anga kikafunguliwa masika yalipokwisha. Mwaliko ulikuja kwa jina lake, katika simu ya binti yake Hanan, na Hanan akashuka kutoka Nyayo Highrise mpaka Makina kumwuliza baba yake nani atakwenda.

"Nitakwenda mimi," Murjan akasema.

"Baba, wewe na mambo ya anga?"

"Aliyeitwa ni mke wangu."

Tangu amzike alikuwa amepunguza maneno, na hata kabla ya hapo hakuwa nayo mengi. Maisha yake yote alishona magodoro ya pamba pale Makina, Kibera, sindano ndefu imebanwa mdomoni, na mtu mwenye sindano mdomoni haongei ovyo. Shule hakupelekwa. Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya Zeinabu. Sasa yameisha, na nyumba imekuwa kubwa.

Zeinabu alisuka tabaga. Tabaga ni kawa la ukili wa rangi rangi, la kufunikia sinia la chakula. Wanawake wengine wa Kinubi walisuka maua na pembetatu. Zeinabu alisuka anga. Sababu yake ilikuwa redio. Alipokuwa msichana mdogo, redio ya baba yake ilitangaza kwamba siku ya Jamhuri kuna chombo kimerushwa juu kutoka baharini, upande wa Malindi, na kimepewa jina la Uhuru. Watu wakasikia, wakarudi kwenye shughuli zao. Yeye alitoka uani akaangalia juu, akaangalia, mpaka maziwa aliyoachiwa jikoni yakamwagika yakazima moto.

"Kitu kimetoka kwetu kikaenda kule," alimwambia Murjan walipokuwa wachumba, "na watu wanachambua maharagwe tu."

Jibu la Murjan lilikuwa moja. Akamwoa.

Mwaka jana alikuja dada mmoja wa kile kituo, jina lake Audrey. Alikuwa anatafuta vitu vya watu wa kawaida, alisema, vitu vinavyoonyesha kwamba hata huku mitaani watu wameitazama mbingu. Zeinabu akamketisha kwenye mkeka, akamwandalia gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi, na mchuzi wa bamia. Audrey akala vizuri, akaramba vidole, akasifu. Kisha Zeinabu akamtolea tabaga yake bora kuliko zote, imefungwa kwenye kanga. Mgongoni weusi wa usiku umezunguka pande zote, nyota nyeupe, chini mviringo wa samawati ambao ni bahari, na kutoka baharini kuna mshale mmoja mwekundu unapanda. Rangi alizichemsha Murjan mwenyewe. Zeinabu hakumwamini mtu mwingine na sufuria ya weusi.

"Chukua," Zeinabu akasema. "Lakini sikia, mwanangu. Hii hailazwi chali. Kwa mama yangu tabaga ikilala chali, tumbo juu, ujue nyumba imefiwa. Mnaiweka hivi, imeinama, kama imefunika kitu."

"Nimekuelewa, mama," Audrey akasema.

Murjan alikuwepo. Alikuwa anakunywa chai. Alisikia.

Zeinabu alipofariki, Hanan alizilaza chali tabaga zote za nyumba ile, kama alivyomwona mama yake akifanya alipofiwa na bibi. Msiba ulipoanuliwa, Murjan akazigeuza mwenyewe, moja moja, akachelewesha mkono. Wasiomjua walisema mzee amepoa sasa.

Siku ya ufunguzi Hanan alikuwa kazini, kwa hiyo Murjan akaenda na Dalmas. Dalmas alikuwa mpangaji wake zamani, Mjaluo wa Siaya, fundi wa viatu. Baadaye akahamia Kabiro, kule Kawangware, lakini urafiki haukuhama. Alikuja na koti la harusi na viatu vilivyong'aa mpaka vinatisha.

"Landilodi!" akaita kutoka mbali. "Leo tunaenda mwezini?"

"Mimi si landilodi wako tena."

"Hiyo haitoki, ni kama ndui. Haya niambie, kule juu kuna nyumba za kukodisha? Maana nyinyi Wanubi mkifika tu mnaanza kupimia watu vyumba."

"Na nyinyi mkifika mnaanza kuchelewesha kodi."

Dalmas akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza Murjan kumjibu mtu utani tangu msiba.

Kituo kilikuwa upande wa Ngong, jengo jeupe lenye kuba. Murjan alidhani atachoka haraka. Hakuchoka. Walionyeshwa picha inayotembea ukutani, ya miaka ile, jukwaa la chuma limesimama na miguu yake ndani ya bahari, vijana wa Kiafrika na wazungu wamevaa kofia za kazi wanakimbia huku na huku, halafu moshi, halafu kile chombo kinanyanyuka. Kinyume na alivyofikiri, hakikuruka kama risasi. Kilianza polepole, kama mtu mzito anayeinuka kwenye mkeka. Murjan akavua kofia yake.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Ulikuwa huamini?" Dalmas akamwuliza.

"Nilimwamini yeye. Sikuwa nimeona."

Wakaonyeshwa picha ya dunia iliyopigwa na waliofika mwezini, bonge la samawati peke yake katika giza, na kijana aliyekuwa akiwaongoza akasema kwamba kila mtu aliyewahi kuzaliwa na kufa yumo katika hiyo picha, isipokuwa hao wachache walioipiga. Murjan akasimama hapo sana. Watu wakampita. Alikuwa anafikiri kwamba Zeinabu yumo. Alikuwepo siku hiyo, msichana, mahali fulani katika ule ubavu wa kahawia. Aliwaheshimu hao watu. Walikuwa wamefanya kazi ngumu na hawakuifanya kwa uongo.

Mbele kidogo kulikuwa na sanduku la kioo. Ndani, juu ya kitambaa laini, kimewekwa kipande cha bati kilichoungua, kimejikunja, cheusi. Taa yake peke yake. Askari wake peke yake.

"Mzee, mkono nyuma kidogo," askari akasema. "Hii haiguswi. Ilirudi kutoka juu."

"Bati?" Dalmas akauliza.

"Hata hewa yake inapimwa, baba."

"Mimi nina bati kama hilo juu ya choo changu Kabiro. Nikuletee?"

Askari akazuia kicheko. Murjan hakuona ubaya. Kitu kimefika kule kikarudi, kina haki ya kutunzwa. Alifurahi hata. Alijiambia, kama bati wanalitunza hivi, basi ile kazi ya Zeinabu wameiweka wapi?

Aliiona baada ya kona.

Ilikuwa juu ukutani, chali. Tumbo lake lisilo na mchoro limewaelekea watu, mgongo wenye anga yote, nyota na bahari na mshale mwekundu, umegeuzwa ukutani usionekane. Na katikati, kwenye kitovu, wametoboa tundu wakapitisha fimbo ya chuma, na kwenye ncha ya fimbo wamefunga taa ndogo ya bluu inayowaka na kuzimika. Wameifanya dishi. Dishi kama zile za televisheni juu ya mabati ya Kibera. Watoto wa shule walikuwa wamesimama chini yake wakipigana picha, vidole viwili juu.

Dalmas alimtazama Murjan uso, akaacha utani.

"Wameandika nini pale chini?" Murjan akauliza.

Dalmas akasogea, akasoma polepole. "Wameandika, 'Dishi la Kibera. Mitaa yetu inasikiliza anga. Ubunifu wa jamii.'"

"Jamii gani?"

"Hawajasema."

"Zeinabu yuko wapi?"

"Hayuko, ndugu yangu."

Wasukaji wote wa Makina wanajua kwamba tabaga inaanza kitovuni. Hapo ndipo ule ukili wa kwanza unapokunjwa, hapo Zeinabu alipokuwa akisema bismillahi, na hapo anaposhika mtu anayetaka kuifumua. Yule aliyeshika keekee hakuchagua upande wala pembe. Alichagua mwanzo. Ukili tayari ulikuwa umeanza kuachia, nyuzi zinaning'inia kuzunguka ile fimbo.

Audrey akatokea akitabasamu, shati lina nembo ya kituo. Alikuwa amemtambua.

"Mzee Murjan! Karibu sana, jamani. Pole tena kwa mama. Umeiona? Ndiyo inayopendwa kuliko zote humu ndani. Watoto hawabanduki hapo."

"Nani ametoboa?"

"Pardon?"

"Nauliza Kiswahili. Nani ametoboa?"

Tabasamu likabaki njiani. "Ni, ni timu ya maonyesho, mzee. Ni dhana. Unajua, kawa na dishi zinafanana umbo, kwa hiyo tukasema tuunganishe utamaduni na teknolojia…"

"Ulikula kwangu."

"Ndiyo, mzee, na nilishukuru…"

"Ulikaa kwenye mkeka wake. Alikwambia hailazwi chali. Ukasema nimekuelewa, mama. Nilikuwa nimekaa pale, nina kikombe mkononi."

Watoto wakashusha vidole. Mwalimu wao akaanza kuwavuta taratibu, lakini hawakutaka kuvutika.

"Mzee, tuongee ofisini," Audrey akasema chini chini.

"Ofisini kuna nini? Tabaga iko hapa."

"Haikuwa nia mbaya. Haki ya Mungu. Tulitaka kuisifu."

Hapo ndipo Murjan alipopandisha sauti, yeye ambaye majirani hawajui sauti yake inafika wapi. "Kuisifu? Kule kuna bati limeungua, mmelilaza kwenye kitambaa, askari ananiambia hata pumzi yangu niipeleke mbali. Hii ilisukwa na mtu. Macho yake yamefia hapa. Mmeigeuza, mmeificha uso, mmeipiga chuma tumboni. Mke wangu hakusuka dishi! Alisuka kile chombo. Alikisikia akiwa mtoto, akakipenda mpaka amekufa, kuliko nyinyi mnaolipwa kukipenda. Igeuze hapo ukione! Kiko nyuma! Mmekiangalisha ukutani!"

"Nyuma kuna mchoro?" Audrey akauliza, na alipouliza tu, akajua amejimaliza.

"Ai," Dalmas akasema. "Dada, hata hukuigeuza kuangalia? Sisi hata samaki tunamgeuza."

Msichana mmoja wa shule akacheka, kisha akaziba mdomo.

Audrey alikuwa mwekundu wa macho. Akaagiza ngazi. Aliipanda mwenyewe, na viatu vyake vya kisigino, akazima ile taa, akafungua skrubu, akachomoa fimbo. Murjan aliipokea tabaga kwa mikono miwili kama inavyopokewa maiti ya mtoto. Akaigeuza. Watoto wakasema "woo", maana sasa waliona usiku, na nyota, na bahari, na ule mshale unapanda. Na katikati ya anga, kwenye kitovu, tundu.

"Nitaitengeneza," Audrey akasema. Alikuwa bado ngazini. "Kuna mama mmoja Makina, nitamtafuta, aizibe isionekane kabisa. Au uende nayo nyumbani, mzee. Ni haki yako. Sitakuzuia."

Dalmas akamshika Murjan bega. "Twende nayo, ndugu yangu. Hawa hawaistahili."

Hilo lilikuwa jibu rahisi, na mwili wake wote ulilitaka. Aifunge kwenye koti la Dalmas, atoke, asirudi. Lakini Zeinabu aliitoa kwa hiari yake. Alitaka ikae mahali panapokaa habari za kile chombo, pamoja na wale vijana wa kofia za kazi na lile jukwaa lenye miguu baharini. Akiirudisha Makina, watakuwa wamemfukuza, na yeye mumewe ndiye atakuwa amewasaidia kumbeba.

"Haitoki," akasema. "Lete meza."

Wakaleta meza. Akaiweka tabaga juu yake, imeinama, imefunika, na mgongo wake wote ukaonekana.

"Lete kioo kama cha lile bati."

"Cha bati ni maalumu, mzee, kiliagizwa…"

Murjan akanyoosha kidole kule kwenye kona, lilikokuwa bati.

"Nitakileta," Audrey akasema. "Na tundu?"

"Tundu liache."

"Mzee, tunaweza kuliziba vizuri…"

"Usilizibe. Mtu yeyote asiliguse. Chukua karatasi, uandike. Andika Zeinabu binti Rehan, wa Makina, amesuka chombo kilichorushwa siku ya Jamhuri alipokuwa mtoto."

Audrey akaandika, kwa kalamu ya wino mzito, nyuma ya ratiba ya siku ile.

"Andika tena. Hilo tundu halikuwa lake. Tumelitoboa sisi wa kituo."

Kalamu ikasimama. "Mzee, hiyo… wakubwa wangu…"

"Ninyi mlitoboa au hamkutoboa?"

"Tulitoboa."

"Basi."

Akaandika. Murjan akamwita Dalmas aisome kwa sauti, kwa sababu yeye hajui kusoma na hakutaka tena kuambiwa tu kwamba ameeleweka. Dalmas akasoma yote, neno kwa neno, akiinua sauti mwishoni ili na mwalimu wa watoto asikie.

"Iko hivyo hivyo," Dalmas akasema. "Mpaka 'tumelitoboa sisi'."

Audrey akaiweka karatasi mbele ya tabaga, akainyoosha. Akataka kumpa Murjan mkono. Murjan akautazama ule mkono, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuushika.