Bushi za Gharib

Gharib bin Hadi alikuwa mtu wa Kipungani aliyechukia maji. Cheka utakavyo, ndivyo alivyokuwa. Kila alipopanda mashua kuvuka kutoka Lamu kwenda Mokowe alishika ubao kwa mikono miwili na kufumba macho mpaka bara. Akishaliona gari lake pale juu ya gati, hunyoosha mgongo akawa mtu mwingine. Udereva aliujulia jeshini wakati wa vita. Aliporudi alikabidhiwa gari la Bwana Kamaludin, mfanyabiashara wa Lamu: gari kuukuu lenye bodi ya mbao, lililochukua abiria na magunia mpaka Witu, na mara moja kwa wiki mpaka Malindi. Aliliendesha miaka kumi na mbili.

Mimi ni Yunusi, fundi wa kalafati. Kazi yangu ni kuziba mianya ya mashua kwa pamba, kisha kuzipaka mbao sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki mwilini hata uoge mara saba. Gharib alimwoa dada yangu Saadiya. Katika habari hii mkosa ni mimi, na ninalisema mapema ili msomaji asipoteze huruma zake bure.

Gari lile lilikuwa na maradhi. Penye ardhi ngumu lilikwenda vizuri. Likifika kwenye mchanga, Gharib akiachia klachi ili lipande, ekseli ya nyuma ilijisokota, matairi yakauma mchanga, yakaachia, yakauma tena, na sehemu yote ya nyuma ikadunda du-du-du mpaka abiria wakagongana vichwa. Wanawake walipiga kelele, wanaume walitukana, na wote walimlaumu dereva.

"Ni mtanga," Gharib alikuwa akiwaambia, uso umemwiva kwa haya. Lakini alijua si mchanga tu.

Mwaka wa 1956 jambo hilo likaacha kuwa la mzaha. Mama yake, Bi Mwanamkisi, aliyemlea mwanawe huyo mmoja kwa kusuka mikeka, macho yake yote mawili yaliingia ukungu. Alikuwa akisuka kwa kupapasa, na mistari ikaanza kwenda upande. Dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali ya Lamu, alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba daktari wa macho angefika Malindi baada ya miezi miwili. Angempasua jicho moja kwanza, na la pili mwaka wa pili wake. Kisha akaongeza neno lililomnyima Gharib usingizi: akishapasuliwa, kichwa kisitikisike siku nyingi. Mshtuko mmoja tu, kidonda kinafunguka, na jicho ndilo hilo limekwenda.

Malindi hatukuwa na mtu wa kumweka mgonjwa. Bahari nayo ilikuwa imeshachafuka kwa kusi. Njia ilikuwa moja, na gari lilikuwa lile lile.

Basi Gharib akaanza kupigana nalo. Aliongeza pande la chuma kwenye springi, likadunda zaidi. Alipakia magunia ya mchanga nyuma. Likadunda na magunia yake. Aliifunga ekseli kwa kamba ya katani, ikakatika kabla ya kufika kijiji cha Hindi. Nilimkuta siku moja amekaa chini kando ya gurudumu, spana mkononi, machozi yamemlengalenga kwa hasira, akiliambia gari maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Siku hiyo ndipo alipogundua. Katika kila tundu la springi mna bushi, pete ya mpira inayozuia chuma kisisage chuma. Bushi za gari lile zilikuwa zimelika zikabaki ganda, kwa hiyo springi ilicheza ndani ya tundu lake na ekseli ikapata nafasi ya kujisokota. Bwana Kamaludin aliagiza nyingine Mombasa. Wiki zikapita, hazikuja.

"Ntazitengeza mwenyewe," Gharib akasema.

Alichukua tairi bovu la lori na patasi yangu, patasi niliyorithi kwa baba, akaiharibu makali siku ya kwanza. Nilinung'unika, hakunisikia. Alikata mpira vipande vya duara, akavitoboa kwa chuma cha moto, moshi ukawafukuza kuku wa Mokowe nzima. Bushi za kwanza zililegea. Za pili zilipasuka. Za tatu zikaja sawasawa, ngumu, za kubana hasa, lakini kuziingiza katika matundu ikawa kazi ya kukata roho. Ilikuwa Ijumaa, na safari ilikuwa Jumapili.

"Shemeji," akaniambia akienda kunawa aende msikitini, "mimi naenda kumswalia maiti wa jirani pia, ntakawia. Wewe ukishaswali, rudi mbele. Nisaidie kuzitia. Tumia mai ya sabuni. Sabuni tu."

Sabuni! Mimi, ambaye mikono yangu imelelewa na sifa, nitumie maji ya kufulia? Kwetu kila kitu unachotaka kidumu hukipaka sifa: ubao, kamba, kapi, hata kitasa cha mlango. Nilikuwa na kopo langu. Nilizilowesha bushi zote humo, nikazisukuma, zikaingia kwa ulaini wa kunifurahisha. Nikafuta juu juu na kujiona fundi kuliko dereva.

Jumamosi tukalijaribu gari mchangani. Gharib akaachia klachi. Gari likapanda taratibu, nyuma imetulia, hakuna du wala du. Alishuka akalibusu bamba la kukinga matope. Bwana Kamaludin, aliyekuwa amekuja kutazama, akauliza amezitiaje zikakaa vile.

"Kwa sabuni, bwana. Mafuta hayafai. Yaua mpira. Huvimba, ukalainika, ukafa."

Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Kinywa kilikuwa changu na ulimi ulikuwa wangu. Lakini Bwana Kamaludin yupo, na watu wanampongeza, na mimi nikaona haya. Nikajiambia sifa ile ni kidogo, na nimeifuta. Nilinyamaza.

Bi Mwanamkisi akaenda salama, akapasuliwa, akalazwa hospitalini Malindi, na daktari akafurahi. Zikapita wiki tatu. Gharib akiendesha njia yake aliona gari linaanza kudunda tena, kidogo kidogo. Alikaza nati, akalala chini yake, akajilaumu kwamba amekata vibaya. Nilimwona akijilaumu. Hata hapo sikusema, kwa kuwa sasa ningelazimika kusema pia kwa nini sikusema mwanzo. Mpira mwingine hakuwa nao, na siku ya kumchukua mama ilifika.

Nilikwenda naye. Wakati wa kurudi Bi Mwanamkisi alikaa mbele, kitambaa kimefunga jicho, mto shingoni, na Gharib akaendesha kama amebeba mayai. Tukafika kivuko cha mto pale Garsen, tukavuka. Ukingo wa upande wa pili ulikuwa mchanga mtupu, mwinuko. Alituambia sisi wa nyuma tushuke. Akaachia klachi polepole.

Du-du-du-du.

Alizima haraka, lakini yalikuwa yameshatokea. Mama hakulia. Aliweka kiganja juu ya kitambaa, akakiacha hapo.

Gharib aliingia chini ya gari. Aligusa bushi, na mpira ukamgandia kidoleni kama tende. Akakinusa kidole. Hakuna mtu wa Lamu asiyeijua harufu ile. Alitoka, akanitazama.

"Yunusi. Hukunambia."

Basi, hayo tu. Laiti angenipiga kwa spana. Toka hapo mpaka Mokowe, kila penye mchanga, mimi na abiria wawili tulimbeba Bi Mwanamkisi juu ya mkeka, na gari likatufuata tupu, likidunda.

Dresa alipokifungua kitambaa, jicho liliona mwanga siku nne, kisha halikuona kitu. La pili hakukubali lipasuliwe. "Nimekwenda mara moja, yatosha," alisema. Hakuambiwa kosa ni la nani.

Gharib hakusema nami miezi miwili. Nami nikachonga bushi kwa ule mti mgumu wa kuchongea kapi za mashua, nikazilowesha sifa siku saba, maana mbao ndizo zinazoitaka. Nilimpelekea Mokowe. Alizipima, akazitia, hakunipa hata ahsante, na gari halikudunda tena maisha yake yote.

Mwaka uliofuata tulikwenda arusini Witu. Bi Mwanamkisi alikaa mbele. Jicho la pili nalo lilikuwa limeshafunga kabisa. Tulipita ule mchanga mbaya wote wa njia ile, akiwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, akingoja. Kisha mikono ikalegea.

"Mwanangu," akauliza, "ndia imetengezwa?"

Nyuma yake nilikaa mimi, na kinywa changu kile kile.

"Naam, mama," Gharib akajibu. "Imetengezwa."