Shahidi wa Pili wa Mwezi

Ujinga wangu ulikuwa huu: nilipiga ukelele "Nauona!" kabla sijaona kitu.

Wala juu ya paa hapakuwa mahali pangu. Mimi ni mtu wa ndani. Tangu nimalize masomo ya sekondari, safari yangu ndefu kabisa ilikuwa kutoka kitandani hadi barazani. Lakini ilikuwa jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, miaka ya vita, sukari ya kupigania, na Mji wa Kale wote umepanda juu kuutafuta mwezi wa Idi. Ami, ndugu ya baba yangu, aliyenilea na kunisomesha, akanyoosha kidole.

"Ule pale! Wauona?"

Watoto wa mtaa wote wakanikodolea macho.

"Nauona, Ami!"

Basi! Kelele zikaruka paa hadi paa. "Idi kesho! Idi kesho!" Shahidi mmoja hatoshi, huo mwezi wataka wawili, na wa pili ndiye mimi. Umati ukatusukuma vichochoroni hadi kwa kadhi, nami nina shuka ya kulalia kiunoni. Nilifurahi, wallahi! Sijapata kutukuzwa vile.

Ami akaulizwa, akajibu bila kusita. Kisha kadhi akanigeukia mimi.

"Umeuona kwa macho yako? Haya, apa."

Ami akanitazama. Nikikataa, mji utamwita mwongo, na atakayemfedhehesha ni mimi niliyekula kwake. Nikiapa, mji mzima utakula mchana kesho, pengine ni Ramadhani bado, kwa kiapo changu cha uongo.

"Sikuuona, shekhe," nikasema. "Nilichoona ni kidole cha Ami."

Baraza likaangua kicheko. Kadhi akakata shauri: mwezi haukuthibiti, kesho tunafunga. Ami akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuningoja.

Mtaani nilimkuta jirani yetu, mama mtu mzima, amesimama mlangoni mikono kiunoni. Kuku wake wa Idi ameshawachinja. Kabla hajaanza kunisema, nikamwambia, machozi yananilenga, kwamba nimemvunjia Ami heshima yake mbele ya mji.

"Heshima gani, mwanangu? Ami yako kila asubuhi yuwaniamkia mimi, mwanamke mzima, 'Sabalkheri, shekhe.' Mtu huyo ndiye mumpandishaye juu akawaonee mwezi?"