Upande wa Maiti

Kumkasirisha Zebunissa Kassamali hakukuhitaji matusi. Ungechukua tu katuni ya Kijapani ukaanza kuisoma kutoka kushoto, kama unavyosoma gazeti. Angekunyang'anya papo hapo, awe anakujua au hakujui, akuoneshe kuwa ukurasa wa kwanza uko pale ulipodhani ndipo mwisho, kisha akupe somo ambalo hukuliomba. Majirani zake wa Flemingdon Park, Toronto, walimwona kila asubuhi akingoja basi la kwenda Eglinton, mama wa makamo mwenye miwani minene na mfuko wa plastiki uliojaa vitabu, wakadhani ni mwalimu. Hawakukosea sana.

Alizaliwa Tanga, nyuma ya kiwanda kidogo cha baba yake kilichochapa kadi za harusi na matangazo ya sinema. Huko alijifunza kusoma kinyume kabla hajajua kusoma vizuri kawaida, maana herufi za risasi hupangwa zikiwa zimegeuka, na baba alimpa kazi ya kukagua makosa kabla ya wino kupakwa. Mwaka sabini na nne walihamia Toronto. Baba akafa kabla hajaizoea baridi, na Zebunissa akabaki na mama yake, Bi Roshan, katika nyumba ya kupanga iliyoangalia bonde la mto Don. Hakuolewa. Waliokuja kumposa walihojiwa wanasoma nini, na majibu yao yalimchosha.

Katuni zilimjia kwa bahati. Jirani Mjapani alihama, akaacha kasha la majarida karibu na mahali pa kutupia taka. Zebunissa hakujua hata herufi moja, lakini alipoona yamefungwa upande usio wake, hakushangaa. Aliyafungua kutoka kulia, akakaa nayo sakafuni mpaka mama yake akamwita mara tatu kula. Baada ya hapo alisoma Kijapani katika madarasa ya jioni, mwaka baada ya mwaka, akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake. Hatimaye akaanza kuandika uchambuzi, akaupiga taipu na kuurudufu, akaliita jarida lake *Ngamiani*, jina la mtaa wa Tanga ambalo wasomaji wake wa Vancouver na Chicago walidhani ni neno la Kijapani. Hakuwasahihisha.

Kalamu yake ilikuwa na pilipili. Hakujali rafiki wala mfadhili. Mwaka tisini na mbili wenye kongamano la hadithi za kubuni za sayansi walimpa chumba cha kuzungumzia katuni, kumbe chumba chenyewe kilikuwa ubavuni mwa choo, na maji yalisikika kila aliponyamaza kuvuta pumzi. Alirudi nyumbani akiwa amevimba kwa hasira. Mwaka uliofuata akaanzisha kongamano lake mwenyewe katika ukumbi wa shule, Don Mills, yeye na Shamez, mtoto wa dada yake, kijana aliyekuwa na televisheni mbili za kuoneshea kanda za video. Walikuja watu wachache, wengi wao vijana waliojishonea mavazi ya ajabu. Bi Roshan alikaa mlangoni akiwagawia sambusa, akiwauliza kwa Kiswahili kama mama zao wanajua wamevaa hivyo. Zebunissa hakuwahi kuwa na siku ya furaha kama ile, na nasema hivi kwa sababu sina siku nyingine ya kumtajia.

Vita yake kubwa ilikuwa moja. Wachapishaji wa Marekani, kwa kuogopa kwamba msomaji wao atachanganyikiwa, walikuwa wakizigeuza picha za Kijapani kama zinavyogeuka kwenye kioo, ili kitabu kifunguke kutoka kushoto. Wapiga panga wote wakawa wa mkono wa kushoto. Mioyo ikahamia kulia. Na kubwa kuliko yote, nguo zikafungwa kinyume. Kule Japani aliye hai hulikunja vazi lake la kimono upande wa kushoto ukiwa juu ya ule wa kulia. Anayefungwa kulia juu ya kushoto ni maiti peke yake, anapotayarishwa kwenda kuzikwa. "Mmewavika walio hai sanda," aliandika Zebunissa katika *Ngamiani*, "halafu mnasema mmewatafsiri."

Makala hayo yalifika Kyoto, kwa Bi Hatsue Morinaga. Huyu alikuwa mchoraji mzee, ajuza wa miaka sabini na ushei, ambaye Zebunissa alimhesabu kuwa bora kuliko wote walio hai. Miaka yote aliwakatalia wachapishaji wa ng'ambo, hataki watu wake wageuzwe. Waliandikiana, kisha wakapigiana simu, na mwishowe mzee akakubali kuja Toronto kwenye kongamano la mwaka tisini na saba. Akiridhika na atakachokiona, angempa Zebunissa ruhusa ya kukichapisha kitabu chake kikubwa kwa Kiingereza, kutoka kulia, kama alivyokichora. Zebunissa hakutaka kitu kingine duniani.

"Kwangu hutageuzwa," alimwambia kwenye simu, kwa Kijapani chake kizito. "Naapa."

Sasa lazima niseme jambo ambalo wasomaji wa *Ngamiani* hawakulijua. Zebunissa alifanya kazi kwa Pyarali, mwenye kiwanda cha uchapaji Scarborough, mtu aliyesali naye katika jamatkhana moja. Kazi yake ilikuwa kupanga filamu, yaani zile karatasi angavu zenye picha ya kila ukurasa, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kabla hazijaenda kwenye mtambo. Na mwaka tisini na tano Pyarali alipata kazi kutoka kwa mchapishaji mmoja wa katuni. Filamu zilitoka Japani, na kazi yenyewe ilikuwa kuzigeuza.

Alimwendea Pyarali siku ile ile. "Bwana Pyarali, hii mpe mtu mwingine."

"Nimpe nani, dada? Wewe ndiye unayezijua. Mwingine atapanga kichwa chini."

"Mimi naandika kupinga kitu hiki."

"Andika tu, nani kakukataza? Ukitoka saa kumi na moja, andika utakavyo."

Bi Roshan alikuwa mgonjwa wa figo, na kazi za namna ile hazikuwa zimejaa tele. Zebunissa alibaki. Mchana aligeuza, jioni akaandika dhidi ya wageuzaji. Mwanzoni kila filamu ilimchoma. Baada ya mwaka hakuhisi kitu. Filamu ikitoka kwenye bahasha ya Japani, mkono unaiinua, unaigeuza, unailaza, huku yeye akiwaza mboga ya usiku.

Wiki chache kabla ya kongamano, Bi Hatsue alituma zawadi. Alikuwa amemchora Zebunissa kutoka kwenye picha aliyotumiwa, akamvika kimono ya rangi ya zambarau, miwani yake ile ile, kidoti chake cha shavuni kile kile. Mchoro haukuwa na neno lolote juu yake, kwani mzee alikuwa na desturi ya kugonga muhuri nyuma ya karatasi. Alituma filamu yake, tayari kwa kuchapwa. Pyarali, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimruhusu atengeneze bango la kongamano pale pale kiwandani baada ya kazi.

Zebunissa alizima redio ili afanye kwa utulivu. Akaitoa filamu kwenye bahasha, mkono ukaiinua, ukaigeuza, ukailaza.

Kama kungekuwa na herufi moja tu, binti wa mpiga chapa wa Tanga angeiona. Lakini maneno ya kongamano aliyapanga yeye mwenyewe baadaye, yakakaa sawasawa. Na uso? Uso aliutazama sana. Aliutazama mpaka miwani ikaingia ukungu. Ulikuwa uso ule anaouona kila asubuhi kwenye kioo cha bafuni, kidoti mahali pake, nywele zimeangukia upande ule ule, na hakuna mtu aliyewahi kumtazama kwa makini namna ile. Alilia. Kola ya lile vazi hakuiangalia.

Bango la kwanza alilipeleka nyumbani. Bi Roshan alilishika mbali, akalileta karibu.

"Zuri," alisema. "Ila kuna kitu sicho, Zebu. Kama si wewe sawasawa."

"Vaa miwani, Ma."

"Nimevaa."

"Basi ni taa," Zebunissa akamwambia, akalibandika ukutani.

Siku ya kongamano mabango yalijaa ukumbi mzima wa hoteli, kuanzia mlango wa nje mpaka kwenye jukwaa. Zebunissa alimngoja mgeni wake mlangoni, shali la mama yake mabegani. Bi Hatsue aliingia akiwa na koti la kijivu, mdogo wa umbo kuliko alivyotegemea, akainama, naye Zebunissa akainama. Vijana waliovaa mapanga ya maboksi wakapiga makofi. Kisha mzee akainua macho kwenye bango, akasimama.

Zebunissa alitabasamu, akifikiri anafurahia. Alifuata macho ya mgeni. Uso, mabega, kola. Upande wa kulia juu ya wa kushoto. Ndipo alipoona na kidoti kilipo, akapeleka mkono kwenye shavu lake la kushoto, na kule kwenye bango kilikuwa kwenye shavu la kulia. Akatazama bango la pili, na la tatu, kama kwamba huenda moja litakuwa tofauti.

"Masi, vipi?" Shamez alimwuliza. Ndivyo alivyomwita siku zote, mama yake mdogo. "Are you okay?"

"Yabandue," alisema. "Yote. Yabandue."

"Lakini watu wameshaingia, Masi. Hakuna atakayejua."

Bi Hatsue alimsogelea Zebunissa, akazishika ncha mbili za shali lake, akalikunja kifuani polepole kama anayemvisha mtoto wa shule, upande wa kushoto juu ya wa kulia, akalipapasa likae.

"Wewe ungali hai," alimwambia.

Nafikiri angemtukana ingekuwa afadhali. Zebunissa alijaribu kueleza. Alitaka kusema ni mkono, si yeye, lakini kueleza mkono kulitaka aeleze na meza ya Pyarali, na miaka miwili ya kugeuza, na alipofika hapo Kijapani kilimwisha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Jioni alipanda jukwaani, akashukuru kwa maneno machache, akasaini vitabu vya vijana wote mpaka wa mwisho. Karatasi ya ruhusa haikutolewa kwenye mkoba wake.

Wakiagana uwanja wa ndege mzee alisema, "Nilidhani lazima pawepo walau mahali pamoja ambapo hawageuzi. Sikulaumu. Nimechoka kukataa, basi."

Zebunissa hakuandika tena. Toleo la *Ngamiani* lililokuwa kwenye taipureta lilikaa pale pale mpaka Bi Roshan akalifunika na kitambaa, kuzuia vumbi. Shamez na wenzake waliliendeleza kongamano, likakua, na mwaka uliofuata walipomwalika akakate utepe alisema ana mafua. Mama yake alimwambia atoke, aende jamatkhana, aende hata Malvern kumtembelea dada yake. Alijibu ataenda Jumamosi. Jumamosi zikapita.

Majira ya kuchipua ya mwaka tisini na tisa, Pyarali alimwekea bahasha nene juu ya meza.

"Kazi mpya ya wale wa Marekani, dada. Mzee mmoja wa Kyoto, wanasema alikuwa mkaidi, sasa kakubali. Wanaitaka upesi."

Aliijua kabla ya kuifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ule alioujua kwa moyo tangu zamani: mwanamke amekaa kizingitini, amefunga vazi lake sawasawa, anangoja mtu. Zebunissa aliwasha taa ya meza. Alikaa mikono ikiwa mapajani, akautazama.

"Kuna tatizo?" Pyarali aliuliza kutoka mlangoni.

"Hakuna," alisema.

Safari hii hakuuachia mkono kazi. Aliishika filamu kwa vidole vyake kumi, akijua anachokifanya, akaigeuza, akailaza juu ya kioo.