Nilivyomsema Mjinga Aliyeziba Vitundu vya Gari la Baba Mkwe

Gari la baba mkwe wangu lilipiga magoti mbele ya wageni. Sitanii.

Lilikuwa limeegeshwa uani, halijawashwa. Wakwe wapya walikuja kupanga harusi ya binti yake wa mwisho, na mzee akawatoa nje kuwaonyesha gari lililowapeleka mabinti zake wengine wote harusini, mke wangu akiwemo.

Akaweka mkono juu ya boneti. "Hiki ni chuma," akasema. "Si mabati ya siku hizi."

Chuma kikasikia. Kukatoka mlio wa kitu kukatika, pua ya gari ikashuka taratibu hadi bampa likalala sakafuni.

Wageni wakaanza kusifia maua. Mama mkwe, ambaye kwa miaka yote huliita gari hilo mke mwenzake, akasema chai iko tayari.

Mimi ndiye fundi bodi wa familia. Maana yake kila chenye kutu katika ukoo huu ni changu, na wala siulizwi.

Nikaingia chini na tochi. Mihimili miwili ya mbele, ile inayobeba injini na magurudumu, ilikuwa imeoza. Niligusa kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Juu huko rangi inang'aa, unaweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtaalamu wa kila kitu ambacho hajawahi kukifanya. Akatoa hukumu papo hapo: gari liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, bibi harusi atakodiwa gari lenye kiyoyozi.

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Mzee hakubishana naye. Alinisogelea tu, macho yamelowa. "Itawezekana, mwanangu?"

Niliumia. Nikamwambia itawezekana, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kutafakari nimesema nini.

Tulilivuta hadi karakana. Nikatoa injini. Kabla ya kukata chochote nikachomelea vyuma vya muda vya kulishikilia lisicheze, nikapima kona kwa kona, nikaandika vipimo ukutani kwa chaki. Unakata upande mmoja, unaujenga, ndipo unaugusa wa pili. Ukikata pande zote kwa haraka zako, gari linapinda na milango haifungi tena.

Mzee alikuja kila asubuhi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu, amevaa shati lake la kutokea, kama anasubiri daktari atoke.

Siku ya nne nikaipata sababu.

Chini ya mihimili ile huwa kuna vitundu vidogo, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Vilikuwa sita. Vyote vimezibwa kwa vipande vya mpira wa buluu, vimekatwa duara safi na kupakwa gundi. Na mzee huosha gari kila Jumamosi bila kukosa. Basi maji yakaingia, yakakosa njia, yakakaa humo miaka nenda miaka rudi yakila chuma kwa nafasi.

Nilipandwa na hasira. Nilipata na raha pia, siwezi kudanganya. Hakuna fundi asiyefurahi kupata fundi mwingine wa kumsema.

"Nani alifanya ujinga huu?" nikauliza.

Mzee akatazama viatu vyake. "Kijana mmoja hivi. Zamani. Alikuwa anajifunza ufundi."

"Heri angejifunza kushona."

Basi kwa wiki mbili nikamsema kijana huyo. Nikamsema kwa mpiga rangi wa karakana, nikamsema kwa wateja, nikamsema nyumbani mezani mpaka mke wangu akaomba tubadilishe mada. Vile vipande sita nikavipanga juu ya rafu kama ushahidi wa mahakamani. Shemeji akaongeza kwamba mtu wa aina hiyo alipaswa kufungwa.

Mzee alikuwa na utetezi mmoja tu, kwamba kijana alikuwa na bidii. Nikamjibu kuwa angekuwa mvivu, gari lingekuwa zima.

Siku mbili kabla ya harusi nikamaliza. Mihimili mipya, rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, vitundu sita viko wazi. Nikasukuma mlango wa dereva kwa kidole kimoja, ukafunga. Mzee akalia bila kujificha. Mimi nikasingizia vumbi la grenda.

Kisha akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Sikutaka kukuonyesha mapema," akasema. "Niliogopa mkono wako ungetetemeka."

Ilikuwa kandambili ya buluu. Ya mguu wa kushoto. Ina matundu sita ya duara.

Nikachukua kipande kimoja rafuni, nikakijaribisha. Kikakaa sawasawa.

Miaka kumi na minane iliyopita nilikwenda kwa mzee huyu kujitambulisha. Akalalamika kuwa gari linadondosha maji machafu kwenye sakafu yake mpya ya saruji. Mimi, mwenye miezi miwili ya ufundi na mapenzi yaliyopita kiasi, nikaingia uvunguni. Nilirudi kwetu mguu mmoja peku. Waliponiuliza nikasema mbwa amekimbia na kandambili, na nimeisimulia hivyo hadi nikaiamini. Hata rangi ya mbwa naikumbuka.

Nilitamani nami nipige magoti pale.

"Baba, kwa nini uliniacha niseme yote yale?"

"Ulikuwa unafurahi," akasema. Akakunja kitambaa chake polepole. "Jioni ile mama yenu aliniuliza kama nimekukubali. Nikamwonyesha hiyo. Nikamwambia, amekata kiatu chake kwa ajili ya sakafu yangu, binti yetu hatapata shida. Nilikosea kwenye gari tu."

Binti wa mwisho aliondoka na gari lile. Mzee aliliosha asubuhi, maji yakadondoka sakafuni, na shemeji, mbele ya watu, akashauri tuvizibe vile vitundu.

Mama mkwe akamwambia avue kiatu.

Wewe unayesoma hapa, unayemsema fundi aliyekutangulia, msimamo wangu ni mmoja. Kabla hujafungua mdomo, kumbuka vizuri siku ile ulirudi nyumbani na viatu vingapi.