Mimi nilijaribu krimu ya kutoa nywele kwenye mkono, rafiki yangu akaipaka uso mzima

Wakuu, nawasalimu kutoka Baraka, wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini.

Mimi ni msomaji tu wa huku, siandikagi. Ila hili limenikuta mimi mwenyewe, na alama yake ninayo mkononi hadi leo. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi linatosha. Kiswahili changu ni cha Kongo, mtanivumilia.

Naitwa Bahati. Nina kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko.

Wanaume wenye ndevu za kujikunja watanielewa haraka. Nikinyoa kwa wembe, kesho yake shingo na kidevu vinajaa vipele. Vingine vinatoa usaha. Nimebadilisha wembe, nimebadilisha kinyozi, nimepaka limao, nimepaka spiriti. Wapi.

Sasa kulikuwa na safari. Nilikuwa nakwenda Fizi mjini, kule mlimani, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Furaha. Ni siku ya watu kukutazama kutoka juu mpaka chini. Mimi na uso wangu kama njugu zilizomwagwa.

Rafiki yangu Wilo ndiye alikuwa awe msemaji wangu siku hiyo. Wilo ni motard, yaani dereva wa pikipiki, anapeleka abiria na mizigo Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Ana mdomo mtamu, anaweza kuongea na wazee mpaka wakamsahau mwenye shughuli.

Ndiye aliyekuja na ile tyubu.

Aliinunua Misisi kwa mchuuzi wa barabarani, wale wanaopanga betri, sabuni na miwani kwenye turubai moja. Tyubu ya rangi ya waridi, imechorwa mguu wa mwanamke. Maandishi ni ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, si Kifaransa, si Kiingereza.

Tulikuwa nyumbani kwetu, mchana. Dada yangu Mapendo alikuwa barazani anasuka mteja.

Wilo akafungua. Wakuu, ile harufu. Kama yai bovu lililonyunyiziwa manukato.

Mapendo akageuka. "Muko nafanya nini pale?"

"Tunatoa ndevu, yaya," Wilo akajibu; huku kwetu yaya ni dada mkubwa. "Bila wembe. Unapaka, unangoja kidogo, unapangusa, basi. Vijana ba Misisi bote banatumia."

Mapendo aliwahi kuungua kichwa kwa dawa ya kunyoosha nywele, mpaka leo kuna sehemu nyuma ya sikio haioti kitu. Kwa hiyo yeye na madawa ya nywele hawapatani kirahisi.

Akasema, "Bahati, usiweke hiyo kintu ku uso. Jaribu kwanza ku mukono, kidogo tu. Ungoje."

"Kungoja mpaka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Ungoje mpaka kesho."

Wilo akacheka sana. "Kesho? Krimu inafanya kazi kwa dakika, we unangoja kesho?"

Sitajifanya mwerevu hapa. Mimi pia niliona kesho ni mbali. Lakini Mapendo ni mkubwa wangu na ndiye anayenipikia, nikaona nimridhishe. Nikaweka tone moja ndani ya mkono, pale kiwiko kinapokunjika. Baada ya muda mfupi nikapangusa na kuosha kwa maji.

Vinyweleo vilikuwa vimetoka. Ngozi laini. Hakuna maumivu, hakuna wekundu.

Wilo hakujaribu popote. Alichukua kioo changu akapaka mashavu yote, kidevu, juu ya mdomo, mpaka karibu na masikio. Ndevu zake ni ngumu, kwa hiyo akaiacha ikae. Nilimwona anakunja uso.

"Inauma?"

"Inachoma kidogo. Ni vile iko inafanya kazi."

Alipopangusa, ndevu zilitoka kama majivu yaliyoloana. Uso ukabaki unang'aa. Nasema ukweli, alikuwa amependeza, kama kijana wa shule. Hata yule mteja wa Mapendo alisimama kumtazama.

Nilimwonea wivu. Nikanyoosha mkono nichukue tyubu, na mimi nimalize kazi.

Mapendo akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nimesema kesho."

Wilo akaweka tyubu mfukoni. "Basi kesho nitakuletea. Leo Zawadi naye anaitaka." Zawadi ni mke wake. Naye alikuwa kwenye msafara wa Fizi, na alishaambiwa habari za hiyo krimu.

Akawasha pikipiki akaondoka, anajipapasa mashavu.

Jua lilipoanza kushuka, mkono wangu ukaanza kuwasha. Si sana. Kama umegusa majani ya upupu kwa mbali. Nikajikuna nikaendelea na mambo yangu, nikalala.

Asubuhi nilipokunja mkono nivae shati nilihisi kama kuna mtu ameniwekea kaa la moto. Nikatazama. Pale nilipoweka tone, tone moja tu wakuu, palikuwa na lengelenge limejaa maji, na kuzunguka lengelenge ngozi nyekundu imevimba.

Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa mkono wangu. Ulikuwa ni uso wa Wilo.

Nikampigia. Simu inaita, hapokei. Nikapiga tena. Hapokei. Wilo huyu ambaye hata akiwa juu ya pikipiki anapokea.

Nikamwonyesha Mapendo mkono. Hakusema neno la "si nilikuambia". Alichukua kitenge chake akajifunga, tukatoka pamoja.

Kwa Wilo mlango ulikuwa umerudishwa tu. Tukaita hodi, tukasikia mtu anaguna. Tukaingia.

Wakuu, mimi nimeona watu waliopata ajali za pikipiki. Nimeona mengi kwa sehemu hii tunayoishi. Lakini sikumtambua rafiki yangu.

Kichwa kilikuwa kimevimba mpaka shingo haionekani. Macho yote mawili yamefunga, yamebaki mistari miwili. Midomo imegeuka nje. Na mashavu yalikuwa meupe, meupe kabisa. Nilidhani ngozi yote imetoka.

Nikashika ukuta.

Mapendo akasogea, akanusa. "Ni dawa ya meno," akasema.

Kumbe usiku uso ulipozidi kuchoma, Wilo alijipaka dawa ya meno, alisikia inapoza. Imekaukia pale juu ya vidonda. Chini yake majimaji yalikuwa yanatoka.

"Bahati," Wilo akasema, maneno hayatoki vizuri. "Siwezi kufungua macho. Na hii ya kulia, kuna kintu iliingia. Inachoma ndani."

Tulimpandisha kwenye pikipiki yake mwenyewe, mimi naendesha, yeye katikati, Mapendo nyuma amemshika. Njiani watu wanageuka. Mama mmoja mwenye beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani, alisimama kabisa akafanya ishara ya msalaba.

Hospitali daktari alimpokea haraka. Kijana mpole, anaongea Kiswahili cha Bukavu. Walianza na maji. Walimwagia maji ya chumvi ya hospitali kwenye jicho la kulia kwa muda mrefu, chupa baada ya chupa, Wilo anatetemeka. Halafu wakaanza kulainisha ile dawa ya meno waitoe polepole. Hapo nilitoka nje. Sauti aliyokuwa anatoa Wilo sikuweza kuisikiliza.

Daktari alinifuata. "Hii tyubu iko wapi? Nataka kuona."

Nikarudi ndani nikamwinamia Wilo. "Tyubu uliweka wapi?"

 Nikaona mkono wake unashika shuka.

"Zawadi iko nayo. Alienda Lusenda asubuhi, kwa dada yake. Alisema atajipaka kule."



Zawadi aliondoka alfajiri, chumba kikiwa bado giza, mumewe amelala amejifunika shuka kichwani. Hakuona kitu. Alijua tu mume wake ametoka laini kama mtoto.

Nikapiga namba yake. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mapendo akaniambia, "Mi nabaki na Wilo. Wewe kimbia."

Barabara ya Lusenda ina mashimo na ilikuwa imenyesha. Sikumbuki vizuri nilivyopita. Nakumbuka mkono wangu, kila nikikunja kiwiko lile lengelenge linajikamua kwenye shati, na najisemea, hili ni tone moja.

Dada yake Zawadi anaitwa Neema, anauza ndagala karibu na kambi ya wakimbizi wa Burundi. Niliuliza sokoni nikaonyeshwa nyumba. Nikamkuta Neema anapepeta mchele.

"Zawadi iko wapi?"

"Anaoga," akajibu, ananishangaa. Hata salamu sikutoa.

Bafu lao liko nyuma ya nyumba, miti minne imezungushiwa turubai. Nikasimama mbali kidogo, maana ni shemeji yangu, nikaita.

"Shemeji, ni mimi Bahati. Ile krimu usipake."



Halafu nikasikia, "Nilishapaka."

"Wapi?"

 Neema akanitazama, akatazama chini, akasema, "Ku miguu. Na ku makwapa. Na kule kwengine."

Wakuu, sikujua niweke wapi macho yangu. Lakini aibu haikuwa na nafasi.

"Jimwagie maji," nikapaza sauti. "Mengi. Usisugue, usipake sabuni, mwaga tu. Sasa hivi."

"Lakini hata haijafanya kazi bado..."

"Zawadi, Wilo iko hospitali."

Nikasikia kopo linaanguka, halafu maji. Neema akaingia kumsaidia. Ndoo moja iliisha upesi, mimi nikachukua madumu nikakimbia bombani. Wamama waliokuwa kwenye foleni waliniona nilivyo, wakanipisha bila kuuliza. Nilirudi, nikayasukuma chini ya turubai, nikarudi tena bombani. Sijui mara ngapi.

Alipotoka alikuwa amejifunga vitenge viwili, analia. Miguu imekuwa myekundu, ila ngozi ipo.

"Wilo iko namna gani?"

Nilitaka kusema hajambo. Neno halikutoka. Nikasema, "Twende."

Alipoingia wodini akamwona, alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akakaa kitandani, akamshika mguu, kwa sababu uso haukuwa na mahali pa kushika.

Na yeye kesho yake alitoka malengelenge kwenye miguu na kwapani. Kule kwengine pia, lakini madogo. Daktari alisema kama angeacha muda ule alioacha mume wake, tungekuwa tunaongea mengine.

Ile tyubu, Zawadi alikuja nayo, daktari aliigeuza pande zote, naye hakuweza kusoma. Akatuonyesha picha ya mguu. "Hata bila kusoma, hapa wamechora mguu. Ngozi ya uso si ya mguu. Na hata kwa mguu, lazima ujaribu."

Nikamwambia mimi nilijaribu, na mchana wote mkono ulikuwa safi kabisa. Ningekuwa peke yangu ningepaka jioni ile ile.

Akasema hapo ndipo watu wengi wanaanguka. Kuna kuungua kwa haraka, na kuna ngozi kukataa dawa, ambako kunaweza kuchelewa mpaka siku ya pili, wakati mwingine zaidi.

Wilo alilala hospitali siku kadhaa. Jicho la kulia walilifunga, na hakuna aliyetuahidi kitu. Siku walipolifungua alimtazama Zawadi akasema kitenge chake ni cha kijani. Kilikuwa cha kijani. Zawadi akatoka nje akalia.

Safari ya Fizi nilienda na baba mdogo badala ya Wilo. Nilimpigia Furaha kabla, nikamweleza yote, na kwamba nakuja na vipele vyangu hivyo hivyo.

 Akasema, "Nani alikuambia mi nina shida na ndevu zako?"

Kwa wazazi wake nilipokelewa vizuri. Baba mkwe ana vipele shingoni kuliko mimi. Hakuna aliyeniuliza habari za uso.

Sasa Wilo amepona. Mashavu yana mabaka, mengine meusi, mengine meupe, na akiendesha anafunga kitambaa kwa sababu ya jua. Ndevu zimeota pande zote isipokuwa sehemu moja ya kidevu. Ameniruhusu kuandika hapa, ila picha amekataa, na namwelewa.

Nilichojifunza, kwa wanaotumia hizi krimu, wanaume kwa wanawake: weka kidogo sana mahali padogo, iache muda ulioandikwa tu, osha, halafu usiiguse tena mpaka siku nzima ipite. Mbili ni bora. Ukinunua tyubu mpya, anza upya, hata kama jina ni lile lile. Iliyochorwa mguu isipande usoni. Usiyoweza kuisoma iache dukani. Ikianza kuchoma usijiambie inafanya kazi, mwaga maji. Na dawa ya meno ni ya meno.

Wiki iliyopita Wilo alikuja kibandani, akaomba aone mkono wangu. Nikakunja shati. Alama imebaki, ndogo kama kifungo. Akaigusa kwa kidole.

"Hii ilitoka saa ngapi?"

"Asubuhi yake."

Akafunga kitambaa chake vizuri. "Asubuhi tu," akasema. "Mi ningeweza kungoja asubuhi."

Akawasha pikipiki akaenda kubeba abiria.

Nimefika hapo, wakuu. Kama kuna aliyepatwa na kitu kama hiki, aandike hapa alivyotibu yale mabaka mpaka yakaisha, nimpelekee Wilo. Na wenye ndevu za kujikunja, mnanyoaje? Nasoma maoni yote.