Meza ya Dirishani

Juma lililopita nilikaa muda wa saa mbili katika mgahawa mmoja wa Lusaka nikiwa nimeuelekea ukuta. Chai ilipoa, kuku naye akapoa. Mwenzangu wa kwaya, mwanamke kutoka kijiji cha Kinyala asiyeweza kukaa kimya, akachoka kunivumilia.

"Dada, umekuja kula au umekuja kufanya mtihani?" aliniuliza, kwa sababu daftari langu lilikuwa wazi kando ya sahani.

Nilimwambia atangulie dukani kwenye vitenge, nitamfuata. Sikumwambia nilichokuwa nikitazama. Wewe nitakueleza, ila lazima nianzie kijijini kwetu Lupepo, jikoni kwa bibi, nilipokuwa na miaka minane.

Babu alikwenda kufanya kazi Zambia kabla sijazaliwa. Mimi nilimjua kwa barua tu, na zote zilikuwa tisa. Zililetwa na wasafiri waliopitia Tunduma, zimekunjwa mara nne, nasi tulizisoma Jumapili baada ya ibada. Kuni zetu hazikukauka kamwe, unaijua mvua ya Rungwe, kwa hiyo zilisomwa ndani ya moshi. Motoni kulikuwa na mbalaga, zile ndizi za kupika, zikichemka pamoja na maharage. Bibi alikaa kwenye kigoda akiwa ameshika mwiko. Baba alikaa mlangoni. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Wadogo zake, ambao sasa walikaa mbali, walipopelekwa shule, yeye alipewa ng'ombe achunge. Hakujua kusoma hata jina lake.

Mtu pekee aliyesoma vizuri pale nyumbani alikuwa mama. Alimaliza shule ya misheni na mwandiko wake ulikuwa kama umechapwa. Lakini mama hakuwamo jikoni. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chini ya paa moja, hatamki jina lake. Bibi aliamua, na hakuna aliyembishia, kwamba barua ya mtu ni mtu mwenyewe. Basi babu alipofika kwa karatasi, mama alijifunika kanga kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda kusimama kwenye migomba, mbali kiasi cha kutosikia. Tulipomaliza niligonga mfuniko wa sufuria mara tatu, naye akarudi, mabega yamelowa.

Mwalimu alikaa jirani, angeweza kutusomea. Bibi hakutaka mambo ya mumewe yazagae kijijini. Kwa hiyo barua za babu zilisomwa na mimi, mtoto wa darasa la pili, nikikigeuza Kiswahili chake kuwa Kinyakyusa palepale.

Niliupenda mji ule wa Lusaka. Babu aliandika kwamba kuna barabara pana yenye miti katikati, kana kwamba mtu alianza kulima shamba njiani akasahau. Kuna jengo refu hivi kwamba alijaribu kuhesabu ghorofa zake akapotea hesabu. Kuna stesheni ya reli, na karibu yake migahawa ambamo sukari inawekwa mezani kwenye bakuli, kila mtu anajichotea apendavyo, na mkate mweupe unaletwa na yai juu yake. Nilipofika hapo mate yalinijaa. Lakini mwandiko wa babu ulikuwa wa kuunganisha, na katikati ya barua mara nyingi ulibanana. Nikianza kukwama, bibi alisonya.

"Ruka hapo. Turudishe mjini."

Nami niliruka. Nilikuwa mwepesi sana wa kuruka.

Barua ya saba ilisema kwamba kila Jumamosi babu anakaa katika mgahawa wa tatu kutoka stesheni, meza ya dirishani, tangu asubuhi mpaka jioni. Bibi aliweka mwiko chini.

"Tangu asubuhi mpaka jioni?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Anafanya nini huko? Anakula tu?"

Nikaitazama karatasi. Juu ya maneno hayo kulikuwa na mistari minne niliyokuwa nimeiruka, herufi zimelala na kulaliana.

"Ndiyo, bibi," nilisema. "Anakula."

Baba akacheka. Bibi hakucheka. "Mimi huku napalilia mpaka kucha zinang'oka, yeye amekaa dirishani kama mkuu wa wilaya! Asijibiwe. Akishiba atarudi mwenyewe."

Hakujibiwa. Barua mbili zilizofuata zilikuwa fupi. Zote zilisema bado anakaa kwenye meza ileile, na safari hii hata bibi alicheka. Tangu hapo mtoto aliyekwepa kuchota maji, au shemeji aliyefika wakati wa chakula, aliitwa mtu wa meza ya dirishani. Mama naye aliokota maneno hayo kwetu akawa anayatumia, bila kujua yametoka kwa nani.

Barua ya kumi haikuja.

Bibi alipofariki nilikuwa mtu mzima. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini niliendelea kujifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na vitabu vilivyoachwa na walimu waliohama. Nilipewa barua za babu kwa sababu nilikuwa msomaji wake. Nilizipanga kwa mfuatano nikazisoma zote polepole, kama nisomavyo kila kitu. Mistari minne ya barua ya saba ilisema hivi: kifua changu kimeharibika, natema damu. Siwezi kusafiri peke yangu. Mtume mwanangu anifuate kabla ya mvua. Ili asinikose, kila Jumamosi atanikuta mahali hapa.

Sikumwambia baba. Sasa naye hayupo, na nafasi ya kumwambia haipo.

Kwa hiyo kwaya yetu ilipoalikwa Lusaka na tukapewa siku moja ya kutembea mjini, mimi nilikuwa na orodha. Barabara ipo, na miti ipo katikati. Jengo refu lipo. Nilisimama chini yake nikahesabu ghorofa mpaka ya mwisho bila kupotea. Nadhani hata yeye hakupotea. Aliandika vile ili mkewe afurahi. Kutoka stesheni nilihesabu migahawa mitatu upande wa kushoto, ingawa hakusema kushoto kwa anayeingia au kwa anayetoka.

"Mama, huko kuna giza, kaeni huku," msichana wa mgahawa alituambia.

Nilimwuliza dirisha liko wapi.

"Dirisha? Labda lilikuwepo. Mimi niliukuta ukuta."

Palikuwa na alama ya mraba mahali lipu ilipopishana rangi. Nikakaa mbele yake. Sina uhakika kwamba ndipo penyewe. Kaburi sikulitafuta, makaburi ya mji ule ni mengi, na mtu asiyefuatwa hana wa kumwandikia jina.

Nilirudi Lupepo nikiwa na barua ya saba mfukoni. Migomba ya bibi ilishakatwa, siku hizi ni parachichi kwa mistari, na ndizi tunanunua Tukuyu mjini. Mama yupo, mzee, macho yake bado mazima.

"Mama," nilisema, "nina barua ya babu. Nataka uisome mwenyewe."

"Huyo ni mkwe wangu, mwanangu."

"Amekufa miaka mingi, mama."

"Amekufa. Lakini bado ni mkwe wangu."

Akajifunika kanga, akatoka. Parachichi zinamfika kiunoni. Hakuna tena pa kujificha, hivyo nilimwona mzima, amesimama mbali kiasi cha kutosikia kama zamani, amenipa mgongo, manyunyu yakimwangukia. Nikaisoma barua kwa sauti, neno kwa neno, mistari minne bila kuruka hata mmoja. Kigoda kilikuwa kitupu, na mlangoni hapakuwa na mtu. Nilipomaliza nikaikunja mara nne, nikagonga mfuniko mara tatu.

Mama alirudi, akakung'uta kanga, akasogelea moto.

"Haya, huko Lusaka mlikula nini?"

"Kuku, mama. Na chai."

"Mkakaa sana?"

"Saa mbili."

Akacheka, akanipiga begani kwa mkono wake uliolowa. "Ee, mwanangu! Na wewe umekuwa mtu wa meza ya dirishani."